Bi harusi yuko ndani, tasnifu iko mezani: tulivyoanza kutumia Zotero

Leo hatuandiki juu ya mitandio wala namna ya kufukiza nguo kwa udi. Tunaandika juu ya jambo linalowakosesha usingizi wengi wenu mlio vyuoni: orodha ya marejeo. Ile inayokaa nyuma ya tasnifu, ambayo kila mtu huiacha mpaka mwisho, na mwisho ukifika mtu anakuwa anatafuta saa nane za usiku ule mwaka wa kitabu alichokisoma miezi sita nyuma na kukirudisha maktaba.

Sisi tuko wanne. Wawili tunasoma shahada ya kwanza, mmoja ni mwalimu wa skuli aliyerudi chuo baada ya watoto watatu, na wa nne alikuwa anamalizia uzamili huku harusi yake imeshapangiwa siku. Sote tunatumia programu inayoitwa Zotero, na tunaulizwa mara kwa mara tulianzaje. Wanaouliza zaidi ni nyinyi mlioposwa mkiwa mwaka wa mwisho, kwa hiyo tumeona tukae chini tuandike.

Ni kitu gani hasa? Ni daftari la vitabu na makala, ila limo ndani ya kompyuta. Unaweka humo kila ulichosoma: nani kaandika, mwaka gani, kimechapishwa wapi, na ukipenda PDF yake hapo hapo. Ukiwa unaandika kwa Word unaiambia, hapa nataka kumtaja fulani, nayo inaandika jina na mwaka. Nyuma huko inapanga orodha yenyewe kwa alfabeti. Ukifuta sentensi iliyomtaja mtu, na hajatajwa pengine, jina lake linaondoka na kwenye orodha. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na kituo cha wanahistoria cha Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia, Marekani. Jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kukimiliki kitu ukakimudu.

Ziko nyengine. Mendeley ni ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, na EndNote ni ya kulipia. Sisi tulichagua Zotero kwa sababu ni bure, haimilikiwi na mchapishaji yeyote, na inafanya kazi hata bando limekatika. Hilo la bando peke yake lilitosha.

Na kumtaja uliyechukua kwake si jambo geni kwetu. Mtoto wa chuoni akisomewa hadithi husikia kwanza imepokewa na nani kutoka kwa nani. Imamu Abdullah ibn al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, anajulikana kwa kuihesabu isnadi kuwa ni katika dini. Hatusemi kwamba tanbihi ya tasnifu ni sawa na sanadi ya hadithi, la hasha. Tunasema tu kwamba mtu aliyelelewa hivyo hapaswi kuona uzito kusema neno hili nimelitoa wapi. Na vyuoni siku hizi ukiacha kusema, jina lake ni wizi wa maandishi, na adhabu yake inaweza kukukosesha shahada.

Sasa tuwape kisa cha bi harusi wetu, maana ndicho kilichotufanya tuijue programu hii kwa undani.

Tasnifu yake ilikuwa juu ya elimu ya watoto wa kike Unguja wakati wa ukoloni. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana hapa ilifunguliwa mwaka 1927, na yeye alitaka kujua wazazi walikubali vipi kuwatoa mabinti zao wakaenda kusoma. Alikuwa na marejeo 96. Mengine ni mafaili ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani, mengine vitabu kama cha Corrie Decker kilichotoka 2014 juu ya harakati za wanawake wa Zanzibar, na cha Laura Fair cha 2001 juu ya burudani na siasa za mjini. Yote aliyaandika kwa mkono wake kwenye tanbihi, chini ya kila ukurasa, kama chuo chake kilivyomuelekeza alipoanza. Wiki tano kabla ya siku ya kukabidhi likabandikwa tangazo: kila mwanafunzi atumie mtindo wa APA. Tanbihi ziondoke, majina na miaka yaingie ndani ya sentensi.

Harusi ilikuwa Mfunguo Mosi. Tarehe ya kukabidhi iliangukia siku ya tatu tangu kuwekwa ndani. Mtu mzima aliye ndani hatoki kwenda maktaba, na somo wake hakuwa mtu wa mzaha. Ile kompyuta aliitazama kama mke mwenza aliyeingia bila hodi. "Mwanangu," alisema, "mikono hii ina liwa, hiyo mashine utaishika na mikono ipi?" Basi ikawa bi harusi amekaa kitandani amepakwa singo, anatusomea kichwa cha kitabu, na sisi watatu mkekani tunaandika. Alipotoka somo kwenda kusali, bi harusi alijifuta vidole akaja kukagua.

Tuliigawa kazi. Mwalimu alichukua vitabu. Kila kitabu cha miaka ya karibuni kina namba ya ISBN nyuma ya jalada. Kwenye Zotero kuna alama inayofanana na kijiti chenye nyota, ukiibofya ukaandika namba ile, taarifa za kitabu zinakuja zenyewe. Makala za majarida yana namba yake pia, inaitwa DOI, na inaingia kwa njia hiyo hiyo. Mmoja wetu alikuwa na PDF zilizojaa kwenye fleshi. Alizikokota zote akazidondosha ndani ya Zotero, na nyingi zikatambuliwa bila ya kuandika neno. Zilizobaki, zile zilizopigwa picha kurasa kwa kurasa, tuliandika wenyewe.

Mafaili ya Nyaraka ndiyo yaliyokula muda. Hayana ISBN wala DOI. Ni lazima uandike kwa mkono jina la faili, tarehe ya barua, na namba ya faili kwenye nafasi maalumu ya nyaraka. Hakuna programu itakayokufanyia hilo, na ndiyo maana tunawaambia wanaokwenda Kilimani: siku hiyo hiyo unayoliona faili, andika namba yake yote kama ilivyo kwenye jalada, kabla hujarudisha mezani.

Kilichotuokoa zaidi ni maktaba ya kundi. Kwenye tovuti ya Zotero unafungua kundi la faragha, unawaalika wenzako, na kila anachoweka mmoja wote wanakiona. Mwenzetu alikuwa anakwenda maktaba asubuhi, anapiga picha ukurasa uliokuwa na shaka, anauweka kundini, na bi harusi ndani ya chumba chenye pazia anauona dakika ile ile. Somo naye mwisho alilegea. Siku ya pili alituuliza kama mle ndani ya kompyuta mna vitabu vya dini, tukamuonyesha.

Alikabidhi kwa wakati, alhamdulillah. Kisha, jumaa moja baada ya fungate, akaambiwa kwamba wanafunzi wa historia wameruhusiwa kurudia tanbihi, na wasimamizi wanapendelea hivyo. Wenzake darasani walilia. Yeye alifungua Word, akaenda kwenye sehemu ya Zotero, akabadilisha mtindo kutoka APA kwenda Chicago wa tanbihi, na kurasa zote zikajipanga upya. Alitupigia simu anacheka.

Tukirudi kwenye namna ya kuanza. Pakua programu kutoka zotero.org, ipo ya Windows, Mac na Linux. Hapo hapo pakua na Zotero Connector, ambacho ni kidude kidogo kinachokaa juu ya kivinjari chako. Ukifungua ukurasa wa makala, kile kidude kinageuka umbo: kikiwa kitabu kinaonyesha kitabu, kikiwa makala kinaonyesha karatasi, na ukiwa na orodha ya matokeo mengi kinakuwa mfano wa jalada la faili. Bofya mara moja, kitu kinaingia. Lakini kitazame kilichoingia! Taarifa zinazotoka Google Scholar mara nyingi zina makosa, mwaka umepotea au jina la jarida limekatwa. Ni bora kufungua ukurasa wa jarida lenyewe ukachukua kutoka huko.

Kisha jisajili bure ili daftari lako lihifadhiwe na mtandaoni. Unapewa megabaiti 300 za kuhifadhi PDF. Taarifa za vitabu zenyewe hazihesabiwi humo, kwa hiyo hata ukiwa na marejeo elfu huna wasiwasi. PDF zikizidi, unaweza kulipia dola 20 kwa mwaka kwa gigabaiti 2, au ukaziacha kwenye kompyuta yako tu bila kulipa kitu. Sisi hatujalipa.

Jambo la majina linahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo programu za wenzetu zinapotukwaa sisi watu wa pwani.

Zotero inamgawa kila mwandishi mafungu mawili: jina la ukoo na jina lake. Sisi hatuna ukoo wa namna hiyo. Tuna jina letu, la baba na la babu. Kwa hiyo unaamua, kwa kawaida jina la mwisho ndilo linalotangulia, na unakuwa mtu wa msimamo mmoja tasnifu nzima. Ofisi za serikali ni balaa zaidi. Ukiiandika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kama mtu wa kawaida, orodha inakuletea Bwana Zanzibar mwenye vifupisho vya ajabu. Dawa yake ni kitufe kidogo kando ya nafasi ya jina: kinaunganisha mafungu mawili yawe moja, na ofisi inabaki na jina lake zima.

Halafu kuna mtu mmoja kuandikwa kwa namna nyingi. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, aliyetufasiria Qurani Takatifu kwa Kiswahili ikachapishwa Nairobi mwaka 1969, utamkuta Farsy, al-Farsy, Farsi, Abdulla, Abdallah. Kwa macho yetu ni sheikh mmoja. Kwa programu ni watu wanne, na APA ikiona watu wawili wenye jina moja la mwisho huongeza vifupisho ili kuwatofautisha, kwa hiyo sentensi zako zinajaa herufi zisizo na maana. Chagua tahajia moja, irekebishe kote, basi.

Na kuna Sayyida Salme. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886 chini ya jina la Emily Ruete, jina alilolipata alipobatizwa na kuolewa na Mjerumani. Sisi tunamwita Bibi Salme. Bi harusi wetu alimtaja sana, kwa kuwa ni binti wa Sayyid Said aliyejifunza kuandika kwa siri, wakati ambapo binti kusoma kuliruhusiwa na kuandika hakukuruhusiwa. Orodhani ni lazima awe Ruete, kama jalada la kitabu linavyosema. Ndani ya sentensi unaweza kumwita Sayyida Salme ukaweka Ruete kwenye mabano. Tulibishana juu ya hili karibu saa nzima, na bado mmoja wetu hajaridhika.

Hapa tunapata la kuwaambia maharusi. Kwetu mwanamke akiolewa habadili jina. Binti wa fulani hubaki binti wa fulani. Katika utafiti hii ni neema kubwa, maana makala utakayoandika kabla ya ndoa na utakayoandika una wajukuu zinasimama chini ya jina moja. Kinachotuponza ni tahajia. Cheti kimesema Fatuma, kitambulisho kinasema Fatma, na makala ya kwanza imetoka kwa jina la Fatima. Kabla hujachapisha chochote chagua moja, na ujiandikishe ORCID, ambayo ni namba ya bure inayomtambulisha mtafiti hata jina lake liandikwe vipi.

Kwa wanaoandika tasnifu ya Kiswahili, kuna kinafasi cha lugha kwenye kila rejeo. Andika humo "sw". Usipoandika, mitindo inayokuza herufi za Kiingereza itakuharibia vichwa vya vitabu, "Elimu ya wasichana Unguja" itakuwa "Elimu Ya Wasichana Unguja". Alama ya & na lile neno la Kilatini la "wenzake" tunayabadilisha mwishoni kabisa kwa mkono, kwenye nakala ya mwisho.

Vyanzo visivyoandikwa je? Wengi wenu mnatafiti mambo ya harusi, unyago, singo, nyimbo za kumtoa bi harusi. Bibi aliyekupa habari hana ISBN. Zotero ina aina ya rejeo ya mahojiano, unaweza kuweka tarehe na mahali. Lakini kama ni mshiriki wa utafiti uliyemuahidi kumficha, APA yenyewe haitaki umuweke kwenye orodha. Unaeleza maneno yake ndani ya sura bila kumtaja. Tunasisitiza hili kwa sababu mambo ya somo na mwali ni ya faragha. Bibi akikwambia, hili nakwambia wewe tu, basi si la tasnifu, hata kama msimamizi angelipenda.

Kuna na hizi programu za akili bandia zinazokuandikia. Zinaweza kukutungia kitabu ambacho hakikuandikwa na mtu, kikawa na mwandishi, mwaka na mchapishaji, kizuri kabisa kwa macho. Sisi kila rejeo tunalopewa na mtu au mashine tunalipitisha kwenye kile kijiti kwa DOI au ISBN yake. Kisipoleta kitu, tunakwenda kwenye katalogi ya maktaba. Kisipopatikana na huko, hatukitumii. Zotero pia inakuonya kwa mstari mwekundu ukiwa na makala iliyokwisha kuondolewa na jarida kwa sababu ya udanganyifu au makosa, na hilo wengi hawalijui.

Umeme na maji vinajulikana. Kila mwisho wa wiki tunaifunga Zotero, tunakwenda kwenye folda yake iitwayo Zotero, tunanakili yote kwenye fleshi. Ifunge kwanza, ndipo unakili. Na folda hiyo usiihamishie ndani ya Google Drive au Dropbox ikaishi humo. Watengenezaji wenyewe wanakataza, kwa sababu faili la kumbukumbu linaweza kuharibika. Tumia usawazishaji wa Zotero wenyewe pamoja na fleshi yako.

La mwisho ni la siku ya kukabidhi. Marejeo yaliyowekwa na Zotero yako hai ndani ya Word, ukiyagusa yanageuka kijivu, na kompyuta ya mtu mwengine inaweza kuyavuruga. Kwa hiyo hifadhi nakala mbili. Ya kwanza iache ilivyo, iite "hai" au jina lolote unalolipenda, na usiifute hata baada ya mahafali. Ya pili, nenda sehemu ya Zotero ubofye Unlink Citations, yawe maandishi ya kawaida. Hapo ndipo unaweka "na" na "wenzake", unakagua nukta na mikato, unageuza PDF, unatuma. Ukifanya kinyume, ukaikata ile hai, hakuna kitufe cha kuirudisha.